Mizani ya Nuru: Hotuba juu ya Kupima Umeme Uliwao na Tochi, Redio na Simu



Leo twataka kusema nanyi juu ya kitu ambacho fedha yake hutolewa kila mara katika nyumba zetu, walakini hakipimwi. Kitu hicho ni umeme wa betri. Mtu wa Shinyanga anunuapo sukari huitazama mizani. Anunuapo mafuta ya taa huangalia kama kipimo kimejaa. Auzapo pamba huhesabu kilo kwa kilo. Lakini anunuapo betri za tochi hupokea alichopewa, huzitia, huwasha, na nuru ikizimika kabla ya wakati wake husema, "Betri za siku hizi hazifai." Pengine ni kweli, betri ni mbovu. Pengine tochi yenyewe yala kuliko ipasavyo. Pengine ni redio iliyozimwa kwa kidole, nayo haikuzimika ndani. Asiyepima hawezi kumjua mwizi katika watatu hawa.

Habari za vipimo si ngeni kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa nchi hii, iliyokuwa katika Jimbo la Ziwa, walichoka kupunjwa uzito katika vituo vya kununulia. Wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, wakataka wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani na kuitazama kwa macho yao. Katika jambo hilo vyama vya ushirika vikapata nguvu, hata mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kilichokuja kusifiwa Afrika nzima kwa ukubwa wake. Wazee wale hawakuanza kwa maneno makubwa. Walianza kwa kutaka kujua mzigo una uzito gani. Nasi leo tumeleta mizani nyingine, ndogo ya kutiwa mfukoni, ya kupimia mzigo usioonekana.

Kabla ya kuishika, yapasa kuyajua maneno matatu. Tazameni simtanki la maji lililoinuliwa juu ya mnara wake nyuma ya shule. Kadiri lilivyoinuliwa ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu bombani. Msukumo huo kwa umeme huitwa volti. Unene wa maji yatokayo penye bomba kwa wakati mmoja ni mfano wa mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa ampea. Kwa kuwa vitu vyetu ni vidogo, ampea moja hugawanywa mafungu elfu, na kila fungu ni miliampea. Neno la tatu ni ujazo wa simtanki lenyewe, nao kwa betri huandikwa miliampea-saa. Basi hesabu yetu yote ni hii: chukua ujazo wa betri, ugawanye kwa miliampea ziliwazo, utapata saa. Betri yenye miliampea-saa 1,000 katika kitu kilacho miliampea 100 itadumu saa 10, au pungufu kidogo, maana betri ikinyonywa kwa nguvu haitoi vyote ilivyo navyo.

Tena betri zikipangwa moja nyuma ya nyingine, kama zilivyo katika tochi, ni sawa na kuinua simtanki juu zaidi. Volti huongezeka, lakini ujazo wabaki ule ule wa betri moja. Watu wengi hukosea hapa, wakadhani tochi ya betri tatu itadumu mara tatu ya tochi ya betri moja.

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya mafundi, mimi nyumbani kwangu nguzo za umeme zimekwisha fika." Twashukuru kwa nguzo. Lakini nguzo haishuki shimoni. Mkoa wa Geita, uliotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, una mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000 wenye mitambo yake na taa zake. Walakini pembeni, huko Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, na upande wa Shinyanga huko Mwakitolyo na Kahama, maelfu ya ndugu zetu hushuka katika maduara kwa kamba na ngazi za miti, na nuru ya kila mmoja ni ile aliyoifunga kichwani. Mtu huyo akikosea hesabu ya betri, haketi gizani sebuleni kwake. Huketi gizani penye matimba yaliyolegea na shimo lenye mikono mingi.

Mnakumbuka habari za Nyangalata, katika wilaya ya Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 udongo uliporomoka ukawafunika wachimbaji chini ya ardhi. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watu watano wakatolewa hai, wamekula mende na vyura na wadudu wengine, wamekunywa maji machafu yaliyochuruzika kutoka juu. Habari hiyo ilizunguka dunia yote. Sisi tulipoisoma, tukachukua kalamu na karatasi, maana ndiyo desturi yetu.

Siku 41 ni saa 984. Tuseme mtu ana tochi ya betri tatu kubwa, zile nene, za aina ya alkali, ambazo ujazo wake ni kiasi cha miliampea-saa 12,000. Akiwa na globu ya zamani ya uzi wa moto, iliyoandikwa ampea 0.3, atapata saa 40, yaani nuru haitamaliza siku mbili. Akiwa na taa moja ndogo ya LED ilayo miliampea 20, atapata saa 600, nazo ni siku 25. Ili nuru ifike siku ya arobaini na moja bila kuzimwa hata mara moja, taa isile zaidi ya miliampea 12. LED ndogo huwaka kwa kiasi hicho. Nuru yake si kubwa, lakini mtu huuona mkono wake na uso wa mwenziwe. Hatusemi kwamba watu wale walikuwa na tochi ya namna hiyo, wala hatusemi kwamba nuru hutangulia hewa na matimba. Twasema tu kwamba betri zile zile tatu zaweza kuwa siku mbili au siku arobaini na moja, na kinachotofautisha ni tarakimu ambayo mita huionyesha kwa nusu dakika.

Basi tuitazame mita yenyewe. Hii mliyoiona mezani ni ile ndogo ya DT830, ambayo mafundi wa redio na simu wengi wanayo. Ina swichi ya kuzungusha katikati, waya mbili, nyeusi na nyekundu, na matundu matatu chini. Waya nyeusi hukaa siku zote katika tundu lililoandikwa COM. Waya nyekundu ina makao mawili: tundu la katikati kwa volti na kwa miliampea zisizozidi 200, na tundu la 10A kwa mikondo mikubwa.

Kupima volti ni rahisi. Hugusa ncha mbili za betri na kusoma. Kupima mkondo ni jambo jingine, na hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hupotea. Mkondo haupimwi kwa kugusa ubavuni. Sharti njia ya umeme ikatwe, na mita iingie katika pengo, ili umeme wote upite ndani ya mita kabla ya kufika kwenye taa, kama ng'ombe wapitavyo mmoja mmoja katika mlango wa josho ili wahesabiwe.

Tuna tochi ya bati hapa, ya betri mbili kubwa, yenye globu ya zamani. Shingoni mwa globu pamechorwa 2.5V 0.3A. Twafungua kifuniko cha nyuma na kukiweka kando. Swichi ya ubavuni twaiacha imewashwa. Sasa ncha moja ya mita twaigusisha kwenye kitako cha betri, na ncha ya pili kwenye ukingo wa bati. Mwaona, taa imewaka. Mita imekuwa ndiyo kifuniko, na umeme wote wapita mkononi mwetu. Tarakimu ni 0.27, nayo ni miliampea 270. Globu imesema kweli, au karibu na kweli. Tukisema betri hizi za bei nafuu zina miliampea-saa 4,000, nuru yake haitafika saa 15.

Tochi ya plastiki haina ukingo wa bati wa kugusa. Kwa hiyo twachukua kipande cha plastiki ya chupa, upana wa kucha, na vipande viwili vya bati jembamba, kimoja upande huu na kingine upande ule. Mkate huo mdogo twauingiza kati ya betri na springi. Plastiki imezuia umeme. Bati mbili zatoka nje kama masikio, nazo twazishika kwa ncha za mita. Kazi hii mtoto wa darasa la sita aiweza, na pengine vidole vyake ni bora kuliko vyetu.

Kuna hila moja ya mita ambayo haina budi kusemwa. Mita nayo hula. Katika kipimo cha miliampea 200, ndani yake mna ukinzani wa kiasi cha omu moja, na umeme upitapo hapo huacha sehemu ya volti zake. Mkondo wa miliampea 150 huacha volti 0.15. Kwa tochi ya betri tatu si neno kubwa. Kwa kitu cha betri moja ya volti 1.5 ni fungu la kumi, na taa hufifia, nawe wasoma tarakimu ndogo kuliko ya kweli. Kipimo cha 10A huacha kidogo sana, lakini hakionyeshi chini ya miliampea 10. Basi kwa tochi anza na 10A, na kama tarakimu ni ndogo mno ndipo ushuke. Usianze chini kupanda juu, utaunguza fyuzi.

Nasi hatuoni haya kusimulia kosa letu wenyewe. Siku moja tulipima tochi kwa tundu la 10A, tukamaliza, tukaitwa kutazama betri ya pikipiki iliyokataa kuwasha injini. Tukazungusha swichi kwenye volti na kuisahau waya nyekundu katika tundu lake la ampea. Ncha zilipogusa vichwa vya betri, cheche ikaruka, ganda la waya likayeyuka, na harufu yake ikakaa chumbani mpaka magharibi. Mita ikiwa katika ampea ni sawa na msumari uliolazwa kati ya vichwa viwili vya betri, na katika mita nyingi za aina hii tundu la 10A halina fyuzi yoyote ya kuokoa. Tangu siku ile kila tumalizapo kupima mkondo, twairudisha waya nyekundu katikati kabla hata ya kuandika tarakimu. Na betri za lithiamu, zile za simu na za tochi za kuchaji, msizijaribu kamwe kwa kugusisha ampea moja kwa moja penye vichwa vyake. Hizo haziishii kwa cheche, hushika moto.

Mwenye kuogopa kosa hilo ana njia nyingine ambayo sisi twaipenda zaidi. Anunue kwa fundi redio kinzani kimoja cha omu moja. Mistari yake ni kahawia, nyeusi, na dhahabu, rangi isiyo ngeni Geita. Akitie kinzani hicho katika njia ya umeme, mahali pale pale tulipotia mita, kisha apime volti kati ya ncha zake mbili. Kwa kuwa ukinzani ni omu moja, kila milivolti moja ni miliampea moja. Mita yabaki katika volti, waya haihamishwi, na hakuna cha kuungua.

Sasa tuje kwenye maandishi ya madukani. Tochi nyingi za kichwani zina betri ya lithiamu ya mviringo, nene kama kidole gumba, yenye namba 18650. Nyingine zimeandikwa miliampea-saa 9,900 kwa herufi za kung'aa. Ndugu zetu, maandishi hayo ni uongo mtupu. Betri ya ukubwa huo, hata ikitoka katika viwanda vilivyo bora duniani, aghalabu haizidi 3,500 au juu yake kidogo, na za bei ndogo huwa chini sana ya hapo. Mchimbaji aliyeamini 9,900, na taa yake yala miliampea 500, adhani ana saa 19 na zaidi. Kama betri yake ina 1,200 tu, ana saa mbili na dakika 24. Mtu huyo ameshuka shimoni na nuru ya karatasi.

Ujazo wa kweli wapimwaje? Kwa mita na saa ya ukutani. Chaji betri mpaka ijae. Iwashe taa, na kila nusu saa soma mkondo na uuandike, mpaka taa ife. Kisha jumlisha tarakimu zote na ugawanye kwa mbili. Tuseme umesoma 180, 150, 120, 100, 90 na 80. Jumla ni 720, na nusu yake ni 360. Betri imetoa miliampea-saa 360, hata kama ganda lake limeandikwa elfu moja. Kwa nini tarakimu hushuka? Kwa sababu tochi nyingi za bei ndogo hazina chombo cha kusawazisha mkondo. Betri zikichoka, volti hupungua, na LED hupokea kidogo kidogo. Kwa hiyo tarakimu moja ya mwanzo haitoshi. Mtu aliyepima mara moja, betri zikiwa mpya, akapata 180, atatangaza hasara kubwa kuliko ilivyo.

Waalimu, kazi hii ni yenu. Karatasi ya miraba, mstari wa saa chini, mstari wa miliampea ubavuni, na alama kila nusu saa. Mtoto akiziunganisha alama hizo ataona kilima kinachoteremka, na eneo lililo chini ya kilima ndilo ujazo wa betri. Tumeona watoto waliochukia hesabu za maeneo wakigombania kuhesabu miraba, maana tochi iliyokuwa mezani ilikuwa ya baba wa mmoja wao, na kila mmoja alitaka kujua kama mzee aliuziwa uongo.

Mzee mmoja alituuliza kama si bora kuzing'ata betri, au kuzianika juani, kama tufanyavyo siku zote. Swali lake ni zuri kuliko adhaniavyo. Betri ikipata joto, dawa iliyo ndani hufanya kazi kwa wepesi zaidi, na mkondo hupanda kidogo. Mita huonyesha jambo hilo waziwazi. Lakini jua halitii kitu kipya ndani. Nguvu irudiyo ni ya muda mfupi, na betri iliyong'atwa hutoboka, ikatoa maji yaulayo shaba ya redio. Tuianike, haidhuru. Tusiing'ate.

Kwa kuwa tumeitaja redio, tuizungumze kidogo. Mwaka 1949 katika Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio iliyoitwa Saucepan Special, kwa sababu ilikuwa ya mviringo kama sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, nayo ni shilingi 100 za wakati ule, na betri yake shilingi 25, ikadumu kiasi cha saa 300. Fikirini: betri nne zilikuwa na thamani ya redio nzima. Redio za leo hazili kama zile za balbu, walakini sheria ni ile ile: mtu hununua redio mara moja, na betri hununua maisha yake yote. Redio mbili za bei moja, zenye sauti sawa, zaweza kutofautiana katika ulaji. Tena kila redio hula zaidi ukiongeza sauti. Pimeni wenyewe, mzungushe kitufe cha sauti huku mkiitazama tarakimu, mtaiona yaruka kwa kila kishindo cha ngoma.

Lakini jambo la redio lililo baya zaidi ni lile la siri. Redio zenye saa na tarakimu za kung'aa hazizimiki kabisa. Huzimwa sauti tu, na ndani hubaki macho. Pima redio yako ikiwa imezimwa. Tuseme wapata miliampea 2. Ni kidogo, mtu ataidharau. Zidisha kwa saa 24 na kwa siku 30: miliampea-saa 1,440. Betri ndogo za kawaida za zinki na kaboni aghalabu hazifiki 1,000. Maana yake ni kwamba mtu aliyesafiri kwenda mnadani na kuifungia redio yake kabatini atarudi akute betri zimekufa, wala hakuna aliyesikia hata neno moja la habari. Atamshuku mtoto. Dawa yake ni kutoa betri, au kuchomeka kipande cha karatasi kati ya betri na springi. Na wenzetu mkinunua redio, ulizeni kama ina swichi ya kukata kweli, ile isikikayo ikigonga.

Habari za simu ni ndefu, nasi tutazipita upesi. Simu ndogo ambayo watu wameipa jina la kitochi kwa sababu ya taa yake ya kichwani, mara nyingi hutumia betri ya namna ya BL-5C, yenye maandishi ya miliampea-saa 1,020. Iwapo vibandani mnalipia kuchaji, nunueni kwa shirika ile mita ndogo ichomekwayo kati ya chaja na simu. Ichajini simu iliyokufa kabisa mpaka ijae, kisha someni. Ikiwa imepokea 500 tu, betri imebaki nusu mtungi, na fedha mnayoitoa kibandani kila mara ni ya safari, si ya maji.

Kwa mchimbaji kuna neno moja zaidi. Simu ikikosa mtandao haitulii. Hutafuta, na kutafuta huko hula umeme zaidi ya kukaa kimya penye mtandao mzuri. Shimoni hakuna mtandao. Kwa hiyo simu ishukayo katika duara kuwa tochi ya akiba iwekwe kwanza katika hali ya ndege, na kama haina hali hiyo izimwe kabisa mpaka itakapohitajiwa. Hili nalo lapimika, lakini kwa simu twawashauri mlifanye hata bila kupima.

Wenye maduara na wenyeviti wa vikundi mliokuja kutoka Mwakitolyo, tuna ombi kwenu. Kijiji kimoja hakihitaji mita kumi. Mita moja ikae kwa mwalimu au kwa fundi, pamoja na daftari. Kila aina mpya ya tochi iingiapo dukani ipimwe moja, na ukurasani paandikwe: yala miliampea ngapi, betri imetoa miliampea-saa ngapi, nuru imedumu saa ngapi mpaka kufa. Kabla ya watu kushuka, mkubwa wa kikundi asiulize, "Tochi zawaka?" Hilo kila tochi hulijibu vema asubuhi. Aulize, "Yako ni ya saa ngapi, na umeiwasha tangu lini?" Na mtu ashuke na nuru ya pili ambayo haiwashi kwa kazi, iliyopimwa, ilayo kidogo, ikae mfukoni.

Muda wetu umekwisha, na twaona watoto wameanza kuchungulia dirishani. Mita iko mezani, kinzani kipo, na vipande vya bati vimekatwa. Mliokuja na tochi zenu leteni; tutaanza na ile ya mzee aliyeuliza juu ya kung'ata betri, kisha zile za Mwakitolyo.